Nyama Uzembe: Neno Linalomhukumu Mwanamke Kabla Hajapimwa

Kiswahili cha mitaani kimeyapa jina mafuta yanayojikunja kiunoni na mgongoni mwa mwanamke: nyama uzembe. Neno hilo utalisikia saluni, utalisikia kwa fundi cherehani anapoachia kiuno cha gauni sentimita mbili zaidi, na halikosekani ndugu wanapokutana harusini baada ya miaka kupita. Anayelitamka hucheka, na mwenye mwili hucheka naye ili yaishe. Lakini ndani ya maneno hayo mawili kesi imekwisha kusikilizwa na hukumu imetoka: nyama hii imeletwa na uzembe, na mwenyewe angejituma na kufunga mdomo isingekuwepo. Hatusemi mwenye pumu ana kifua kizembe. Ni uzito tu, na hasa uzito wa mwanamke, tunaoupa sababu kabla ya kuuchunguza.

Nasema hukumu hiyo haiungwi mkono na yale yanayojulikana kuhusu mwili, na kwamba inawagharimu wanawake afya yao, kwa sababu aliyekwisha kuhukumiwa hapimwi tena. Uzito wa mwanamke unafungamana na homoni zinazobadilika kila anapovuka hatua ya maisha: anapovunja ungo, anapoanza uzazi wa mpango, anapobeba mimba, anaponyonyesha, anapokoma hedhi. Kila hatua ina maswali yake. Huduma ya afya inapaswa kuyauliza maswali hayo kwanza, ndipo ifike kwenye ushauri wa kupunguza kula.

Tuanze na njaa, maana ndiyo inayolaumiwa mapema kuliko yote. Mwaka 1994, Jeffrey Friedman na wenzake katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walitambua homoni inayotengenezwa na mafuta yenyewe, wakaiita leptini. Kazi yake inafanana na ya mtunza ghala: huupelekea ubongo taarifa za akiba iliyopo, na ubongo ukiridhika hupunguza njaa. Miaka 3 baadaye, madaktari wa Cambridge walieleza habari za msichana wa miaka 8 aliyekuwa na kilo 86, ambaye mwili wake haukuweza kutengeneza leptini inayofanya kazi. Tangu uchanga wake alikuwa hashibi. Alipoanza kuchomwa sindano za leptini, hamu yake ya chakula ilishuka na uzito ukafuata. Hakuna aliyemfundisha nidhamu. Alipewa homoni aliyoikosa.

Msomaji atasema ugonjwa huo ni nadra sana, na ni kweli. Wengi wenye miili mikubwa wana leptini tele, ila ubongo hauisikii vizuri. Hata hivyo, somo lake linaonekana pia kwa watu wa kawaida. Dawa ya semaglutidi, inayoiga homoni ya utumbo, ilijaribiwa kwa watu karibu 2,000, na matokeo yakachapishwa mwaka 2021: walioitumia pamoja na ushauri wa mlo na mazoezi walipungua kwa wastani wa takriban asilimia 15 ya uzito wao katika wiki 68. Waliofuatiliwa baada ya kuiacha walirudiwa na theluthi mbili ya uzito huo ndani ya mwaka mmoja. Na huko Melbourne, mwaka 2011, watafiti waliwapima watu waliopunguza uzito kwa mlo mkali sana. Mwaka mmoja baadaye homoni zao za njaa zilikuwa bado zinawasukuma kula. Anayepungua kisha akarudi alikotoka hajashindwa tabia peke yake. Kila siku, kila akikaa mezani, amekuwa akishindana na taarifa za ghala linalodai kujazwa.

Kusema haya kunanilazimu kuwa mkweli kwa upande wa pili pia, maana wanawake nao wana maelezo yao ambayo hayasimami. Lililozoeleka ni kwamba umetaboli, yaani kazi ya mwili ya kugeuza chakula kuwa nguvu na akiba, umelala baada ya uzazi au baada ya kutimiza miaka 40. Mwaka 2021, Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, kuanzia watoto wenye siku chache hadi wazee wa miaka 95. Walipozingatia ukubwa wa mwili na kiasi cha misuli, walikuta kwamba moto wa mwili haubadiliki kati ya miaka 20 na 60, mimba ikiwemo, wala mwanamke hachomi kidogo kuliko mwanamume. Kabla ya hapo, mwaka 2012, Pontzer alikuwa ameonyesha jambo jingine kwa kuwapima Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania. Wanawake wale huchimba mizizi na kutembea kilomita kadhaa kwa siku, lakini nguvu wanayoitumia kwa siku nzima, ukilinganisha miili ya ukubwa mmoja, haipishani na ya mkazi wa mjini anayekaa ofisini. Mwili hujua kubana matumizi upande mmoja unapotumia sana upande mwingine.

Kwa hiyo tukubali: kwa mwanamke mwenye afya wa umri wa kuzaa, moto haujazimika. Tofauti huja mtu anapojikondesha kwa pupa. Washindani 14 wa shindano la televisheni la kupunguza uzito nchini Marekani walipopimwa miaka 6 baadaye, miili yao ilikuwa ikichoma takriban kilokalori 500 kwa siku pungufu ya ilivyotarajiwa kwa ukubwa wao. Nje ya hapo, homoni hufanya kazi mbili nyingine kubwa zaidi: huongoza njaa, na huamua akiba iwekwe wapi. Ukizishika hizi mbili, njaa na ghala, mambo mengi yanayoitwa uzembe yanaanza kueleweka.

Chukua insulini. Kazi yake inayojulikana ni kuingiza sukari kwenye seli, lakini ndiyo pia inayofunga milango ya ghala ili mafuta yasitoke. Mwili ukiwa sugu kwa insulini, kongosho huitoa kwa wingi zaidi ili isikike. Kwa baadhi ya wanawake, wingi huo wa insulini huchochea ovari kutoa homoni za kiume kupita kiasi, na matokeo yake ni ugonjwa ambao Stein na Leventhal waliueleza huko Chicago mwaka 1935, unaofahamika leo kwa herufi PCOS. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa unawapata asilimia 8 hadi 13 ya wanawake wa umri wa kuzaa, na kwamba hadi asilimia 70 ya walio nao hawajatambuliwa. Dalili zake tunaziona kila siku na kuzipa majina mengine. Hedhi inayoruka miezi mitatu huitwa uchovu. Ndevu kidevuni hunyolewa kimyakimya. Weusi laini kama mahameli unaotanda shingoni husuguliwa kwa dodoki na sabuni hadi ngozi ichubuke, kwa kudhaniwa ni uchafu, kumbe ni insulini iliyozidi ikijionyesha kwenye ngozi. Mwanamke huyo akifika kliniki kutafuta mtoto huambiwa apunguze uzito ndipo atapata mtoto. Kupungua kunaweza kumsaidia kweli. Lakini akiambiwa hivyo bila kuulizwa hedhi yake wala kupimwa sukari, ataondoka na aibu huku ugonjwa wake ukibaki bila jina. Kisukari na saratani ya mji wa mimba, ambavyo hatari yake huongezeka kwa wenye PCOS, havisubiri amalize kuona aibu.

Hatua inayozungumzwa zaidi kwenye vibaraza ni uzazi wa mpango. Wanawake husema sindano ya miezi mitatu inanenepesha. Baadhi ya wahudumu hujibu kwamba hayo ni maneno ya mtaani. Utafiti mkubwa uliofanyika Kisumu na katika vituo vya Afrika Kusini, Zambia na Eswatini uliwahusisha wanawake zaidi ya 7,800, waliopangiwa kwa bahati nasibu sindano, kijiti au kitanzi cha shaba. Lengo kuu lilikuwa kuchunguza hatari ya maambukizi ya virusi vya UKIMWI, lakini walipimwa uzito pia. Mwishoni mwa ufuatiliaji wa kati ya miezi 12 na 18, wa sindano walikuwa wameongezeka wastani wa kilo 3.5, wa kijiti 2.4, na wa kitanzi, ambacho hakina homoni yoyote, 1.5. Takwimu hizo zinaupa kila upande haki yake. Maisha yenyewe huongeza uzito hata pasipo homoni, kwa hiyo si kila kilo ni ya kubebeshwa sindano. Lakini pengo la kilo 2 kati ya sindano na kitanzi limepimwa, na aliyelilalamikia hakuwa akizua.

Wapo watakaopinga, tena kwa nia njema, kwamba kuyasema haya hadharani kutawafanya wanawake waikimbie sindano, na mimba zisizopangwa ziongezeke. Naielewa hofu hiyo. Mimba isiyopangwa inaweza kumgharimu mwanamke masomo yake, afya yake na hata uhai. Ila mwanamke atalisikia jambo hili kwa vyovyote vile. Asipolisikia kwa muuguzi pamoja na takwimu na njia mbadala, atalisikia kwa jirani likiwa limetiwa chumvi, aache sindano bila kuhamia njia nyingine. Anayeambiwa mapema kwamba kitanzi kipo, na kwamba wastani hauwi kipimo cha kila mtu, ana sababu ya kurudi kituoni akiona mabadiliko. Anayeambiwa ni maneno ya mtaani hana sababu hiyo.

Mimba nayo ina mambo yake. Kondo la nyuma hutoa homoni zinazoufanya mwili wa mama uwe sugu kiasi kwa insulini, ili sukari imfikie mtoto. Kongosho lisipomudu mzigo huo, huzuka kisukari cha mimba. Mara nyingi hupotea baada ya kujifungua, na familia hushukuru na kusahau. Lakini uchambuzi uliochapishwa mwaka 2009 katika jarida la Lancet ulionyesha kwamba waliowahi kukipata wana hatari ya kisukari cha kudumu angalau mara 7 zaidi ya wenzao. Hapo ndipo ushauri wa kula kwa ajili ya wawili unapoponza. Miezi mitatu ya mwanzo mwili hauhitaji nyongeza ya maana. Baadaye huhitaji kilokalori 340 hadi 450 hivi kwa siku, kadiri ya chapati moja na glasi ya maziwa. Sahani ya pili ya wali kila mlo, ikifuatiwa na siku 40 za kulishwa na kulazwa, hutolewa kwa upendo, na upendo huo ungemfaa mzazi zaidi kama ungeambatana na kipimo cha sukari wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua.

Kisha huja ukomo wa hedhi. Estrojeni ndiyo ilikuwa ikielekeza akiba kwenye nyonga na mapaja, mahali ambapo mafuta hayana madhara makubwa. Inaposhuka, mafuta huhamia tumboni, yakalizunguka ini na utumbo, na huko ndiko yanakopandisha sukari, presha na hatari ya moyo. Wakati huohuo joto la ghafla humwamsha usiku, na mwili usiolala vizuri hudai chakula zaidi. Mama wa miaka 52 anaweza kusimama kwenye mizani akakuta kilo zilezile za mwaka juzi, lakini gauni lilelile halifungi tena kiunoni. Mizani haikuona kitu. Utepe wa fundi cherehani uliona. Shirika la Afya Duniani huhesabu kiuno cha mwanamke kinachozidi sentimita 80 kuwa dalili ya hatari iliyoongezeka, na kinachozidi 88 kuwa dalili ya hatari kubwa. Utepe ule tuliokuwa tukiutumia kumcheka unaweza kuwa kipimo cha kumlinda.

Sasa nije kwenye pingamizi zito kuliko yote. Nchini Tanzania, wanawake wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi au unene walikuwa asilimia 18 katika utafiti wa kitaifa wa 2004–05. Ule wa 2015–16 ulikuta asilimia 28. Kenya walitoka asilimia 25 mwaka 2008–09 hadi 33 mwaka 2014. Homoni za wanawake hazikubadilika ndani ya miaka hiyo michache. Kilichobadilika ni soda, mafuta ya kupikia, chipsi kila kona, na bodaboda inayokufikisha mlangoni. Nalikubali hilo lote. Nakubali pia kwamba homoni pekee hazielezi kwa nini utafiti wa Kenya wa mwaka 2015 ulikuta asilimia 38.5 ya wanawake wana uzito uliozidi dhidi ya 17.5 ya wanaume, kwa kuwa katika nchi nyingi tajiri pengo hilo ni dogo. Yapo mazingira: kazi ya kukaa kibandani toka alfajiri hadi usiku, barabara ambayo mwanamke hawezi kukimbia bila kutukanwa, na desturi inayouona mwili mnene kuwa ushahidi kwamba ametunzwa. Lakini mazingira hayaufikii mwili kwa hewa. Huufikia kupitia insulini, leptini, usingizi na homoni za mfadhaiko, kama mvua inavyoingia nyumbani kupitia pale palipo na tundu. Mvua imeongezeka, na kila paa lina tundu lake. Katika maelezo hayo yote, ya mvua na ya paa, sijaona mahali pa neno uzembe.

Je, hii si kumpa mtu kisingizio? Hapana. Mwenye pumu akijua chanzo chake hujikinga na vumbi vizuri zaidi. Mazoezi hata yasipopunguza kilo huufanya mwili usikie insulini, hushusha presha, hulinda misuli na mifupa. Sukari ikipungua kwenye chai, dona ikichukua nafasi ya sembe, maharage na mboga zikizidi wali kwenye sahani, mwili hufaidika katika umri wowote. Juhudi zina nafasi yake, nami nazisisitiza. Ninachokataa ni kuzifanya kipimo cha utu, na kuzitumia badala ya uchunguzi.

Anayenufaika na aibu hii ni mfanyabiashara. Upande mmoja wapo wauza chai za kupunguza tumbo, ambazo nyingi humharisha mtu apoteze maji, na virutubisho vya kurekebisha mvurugiko wa homoni. Mvurugiko wa homoni si jina la ugonjwa; anayelitaja aulizwe ni homoni ipi, na imepimwa wapi. Hata tezi ya thairoidi, inayosingiziwa mengi, ikilegea kwa kawaida huongeza kilo 2 hadi 5, nyingi zikiwa maji na chumvi, na kipimo chake cha damu kinajulikana. Upande wa pili wapo wauza vidonge vya kukuza nyonga. Huko Kinshasa watafiti wamewakuta wanawake wakimeza deksamethasoni na siproheptadini bila agizo la daktari ili wanenepe. Deksamethasoni ni homoni ya steroidi: huamsha njaa, hupandisha sukari na presha, na ikitumiwa muda mrefu hulaza tezi zinazotengeneza kotisoli ya mwili wenyewe, hata kuiacha ghafla kunaweza kuua. Biashara hizi mbili zinapingana kwa ahadi lakini zimeota kwenye pengo moja: mwanamke mwenye swali la kweli kuhusu mwili wake, na kituo cha afya ambacho hakikumuuliza lolote.

Pengo hilo linaweza kuzibwa kwa vitu ambavyo tayari vipo. Mjamzito hupimwa uzito kila hudhurio, na namba ikaandikwa kwenye kadi. Akishajifungua, na mahudhurio yake ya siku 42 yakipita, mizani inakuwa ya mtoto. Kila mwezi mtoto huning'inizwa kwenye ile mizani ya saa, miguu ikirusharusha hewani, na muuguzi akaweka nukta kwenye mchoro wa ukuaji. Kazi hiyo huendelea hadi mtoto atimize miaka 5. Mama yupo pale muda wote. Ndiye aliyeishika kadi, ndiye aliyepanga foleni toka asubuhi, na mashine ya presha iko mezani hatua mbili kutoka alipo. Naziomba wizara za afya za nchi zetu ziongeze mstari mmoja kwenye kadi hiyo, wa mama: kiuno, presha, njia ya uzazi wa mpango anayotumia, na sukari kwa aliyewahi kuwa nayo mimbani. Ni dakika chache kwa kila mama, na nukta ya mtoto ikishawekwa zinaweza kuanza kwa swali jepesi kabisa: na wewe mama, hedhi yako ikoje?